Mtumbwi Uliolalia Upande

Nina daftari gumu la jalada jekundu ambalo wanafunzi wangu wa Biharamulo wanalijua kuliko wanavyonijua mimi. Humo naandika maneno ya Kiingereza kwa mkono wangu: maana yake, yanavyotumika, na ndugu zake wa karibu. Kurasa zote ni safi, kwa sababu mimi sipendi uchafu wa kalamu. Ukurasa mmoja tu una mistari ya kufuta, nao ni wa neno "tilted".

Mwanzoni niliandika hivi: kitu kisichokaa sawa, kilichokwenda kombo, benibeni, kinachohitaji kunyooshwa. Nilisimama mbele ya darasa nikayasoma hayo kwa sauti ya mtu asiye na shaka. Binti mmoja anayetoka Kaniha akanyoosha mkono, akauliza kama mahindi yaliyolazwa na upepo nayo yanaingia. Nikamwambia yanaingia. Mwingine wa Nemba akauliza kuhusu kofia ambayo babu yake huivaa upande makusudi siku ya sikukuu. Nikamjibu kwamba babu yake akanunue kioo. Darasa zima likacheka, nami nikaridhika na nafsi yangu kabisa.

Niseme ukweli, hiyo ndiyo tabia yangu tangu utotoni. Picha ikikaa pogo ukutani kwa watu, siwezi kumsikiliza mwenye nyumba mpaka niinuke niinyooshe. Fundi aliyejenga jiko langu alinikimbia mara mbili kwa sababu ya pimamaji. Sasa hata simu yangu ina kipimo cha usawa, chenye kapovu kadogo kanakotembea katikati ya mistari miwili, na nimekwisha kupima meza zote za ofisi ya walimu.

Likizo iliyofuata nilipanda basi kwenda kwetu Ngara. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaposwa rasmi. Wageni wangefika Jumamosi, na kwetu mposaji hapokewi kwa soda. Anapokewa kwa pombe ya ndizi iliyokamuliwa nyumbani kule kule anakoposa, na wazee wa upande wake wanapoionja ndipo wanapojua wamefika kwa watu wa namna gani. Ikiwa nyepesi au haitoshi, hawatasema neno hapo kwenu. Watalisema njiani, nalo litamfuata binti mpaka kwenye jiko lake jipya. Mdogo wangu alilijua hilo vizuri, na wiki nzima alikuwa anazunguka lile shimo la kuvundikia ndizi kama kuku anayetaka kutaga.

Baba ndiye mkamuaji anayesifika upande wetu wote wa mlima. Ana mtumbwi wa kukamulia uliochongwa kwenye gogo moja, mrefu kuliko kitanda. Tunauita mtumbwi ingawa haujawahi kuona ziwa. Ndizi mbivu humenywa zikamwagwa humo pamoja na nyasi safi, vijana wawili wakanawa miguu na kuanza kukanyaga mpaka juisi itoke. Baadaye juisi huchanganywa na unga wa mtama uliokaangwa, ikafunikwa kwa majani ya mgomba, ikaachwa ichachuke.

Jumatano asubuhi baba alikwenda parokiani, akasema binamu zangu wawili wakija waanze, yeye atawakuta. Nikatoka uani na kikombe changu cha chai, nikautazama mtumbwi. Ulikuwa umelalia upande wa bondeni. Kichwa kiko juu, mkia uko chini, na chini ya kichwa kuna jiwe moja lililozama kwenye udongo tangu sijui lini. Nikatoa simu nikaiweka juu ya ukingo wake. Kapovu kakakimbilia pembeni, hata hakakujaribu kurudi.

Nikajisemea, baba amezeeka. Wageni watakuja waone hata mtumbwi wa nyumba hii umepinda mgongo. Nikakusanya mawe matatu, nikaita binamu zangu, tukainua mkia mpaka kapovu kakatulia katikati. Mmoja wao, yule mkubwa, akajikuna shingo.

"Dada, mzee huwa anauacha hivyo hivyo."

"Mzee hana pimamaji," nikamwambia. "Anzeni kazi."

Wakaanza. Ndizi zilikuwa zimeiva vizuri, uwanja mzima ukanukia. Lakini juisi ilipotoka haikwenda popote. Ilikaa ndani ya nyasi, ikatanda mtumbwi mzima kwa kina cha kidole, na ukitia kata unapata makapi zaidi ya juisi. Kwa kawaida hujikusanya yenyewe mkiani, ikaacha makapi nyuma, na mchotaji anachota iliyo safi. Binamu mdogo akaona aende mkiani aisukume kwa miguu. Alipokanyaga tu, mawe yangu matatu yakateleza. Mtumbwi ukabingirika upande mmoja, yeye akarukia kwenye migomba, na juisi ya posa ya mdogo wangu ikashuka mlimani mbele ya macho yetu.

Mdogo wangu alitoka jikoni akasimama mlangoni. Hakunilaumu. Alikaa chini pale pale kizingitini akaanza kulia kimya kimya. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena.

Baba aliporudi alitazama udongo uliolowa, akatazama mawe, akanitazama mimi. Nilimwamkia, "Shikamoo baba," akaitikia marahaba kama siku zote. Kisha akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, maji yanakaa wapi mlimani?"

"Hayakai, baba. Yanashuka."

"Ego," akasema, yaani ndiyo. "Sasa wewe ulitaka yasimame."

Kuvundika ndizi nyingine kungechukua siku nne, nasi hatukuwa nazo. Mtu pekee aliyekuwa na ndizi zilizoiva siku hiyo ni mama mzee, jirani yetu wa chini, mjane, aliyezivundika kwa ajili ya pombe ya jumuiya yake. Baba alisema nikamwombe mwenyewe. Nikashuka. Nilipiga goti mbele yake nikamwamkia, nikamweleza yote bila kuficha kapovu wala simu. Alisikiliza kichwa chake kikiwa kimeinama upande mmoja, kama wanavyosikiliza watu wasiotaka kupitwa na neno.

"Jumuiya itasubiri, msichana hasubiri," akasema. "Ndizi nitatoa. Ila mtumbwi atege baba yako. Ukitega wewe na simu yako, ndizi zangu zinabaki hapa."

Nikapeleka jibu hilo nyumbani nikidhani limemaliza mambo. Baba akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

"Kufanya kosa si kosa, kurudia kosa ndilo kosa," akasema. "Mwambie apande aje aangalie. Utatega wewe mwenyewe."

Alhamisi alfajiri palikuwa na umande, na mama mzee alikuwa amekwisha kukaa kwenye kigoda, ndizi zake zikiwa bado zimefungwa kwenye majani pembeni ya miguu yake. Baba akaniomba simu, akaitia mfukoni mwake. Akanipa kata ya maji.

Akanionyesha kipimo chake. Unamwaga maji kichwani mwa mtumbwi, halafu unaanza Salamu Maria kwa mwendo wa kanisani, usikimbize wala usivute. Maji yakifika mkiani kabla hujafika katikati ya sala, mtumbwi umeinama mno, juisi itaburuta makapi. Ukisema Amina nayo bado yako njiani, hujauinamisha vya kutosha. Yanatakiwa yafike pamoja na Amina. Miaka yote nilimsikia baba akisali uani nikadhani ni uchaji tu.

Mara ya kwanza maji yalifika nikiwa bado kwenye "umebarikiwa". Nikapunguza udongo chini ya jiwe la kichwani. Mara ya pili nilisema Amina nikasubiri, na binamu mkubwa akakohoa. Nikarudisha udongo kidogo kwa kiganja, nikaushindilia kwa kisigino. Mdogo wangu alikuwa amesimama pale pale mlangoni alipolilia jana. Mara ya tatu nilimwaga maji, nikasali taratibu, na nilipotamka Amina yakagonga mkia.

 Mama mzee aliinama akafungua ndizi zake.

Jumamosi wageni walikaa uani, chungu kikawekwa katikati. Baba akaonja kwanza, kama ilivyo desturi, kisha akampa mzee wa upande wa mposaji. Yule mzee akanywa, akafuta mdomo, akanywa tena kabla ya kumpitishia mwenzake. Mdogo wangu alikuwa ndani nyuma ya pazia, na najua alikuwa anahesabu mafunda.

"Hii imetulia," mzee akasema. "Mtumbwi katega nani? Wewe mwenyewe?"

Baba angeweza kusimulia habari ya Jumatano na uwanja mzima ukacheka. Mimi ningekuwa yeye, ningesimulia.

"Binti yangu mkubwa," akasema. "Huyu mwalimu."

Niliporudi Biharamulo nilifuta "kinachohitaji kunyooshwa", nikafuta na "kisichokaa sawa". Nikaandika: kilichoinama; kilicholalia upande; cha mshazari, kama fundi cherehani anavyokata kitambaa ili gauni lianguke vizuri. Kombo na benibeni nikaziacha, ila nikaongeza kwamba hizo ni za mambo yaliyoharibika. Kwa mifano ya matumizi niliweka mtumbwi, kichwa cha mama mzee anayesikiliza, na kofia ya babu wa Nemba, ambaye nilimwomba radhi kupitia mjukuu wake.

Mdogo wangu sasa ana watoto wawili. Baba hategi tena mtumbwi kama nipo nyumbani. Anakaa kwenye kigoda, ananyoosha mkono nimpe simu, ananipa kata ya maji, kisha anavua kofia na kusubiri Amina yangu.