Pua ya Jiko la Shangazi

Shangazi yangu, mwenye mkahawa wa meza chache nyuma ya soko la samaki, aliitwa Pua, na jina hilo hakupewa bure. Kitu kimoja kilimchemsha damu: mtu kumwaga chakula ambacho bado kinalika.

Nungu wa bahari, yule mviringo mwenye miiba kila upande, Shangazi alimpenda kuliko samaki wote. Siku ya kwanza mayai yake ya rangi ya chungwa huliwa mabichi, kwa ndimu tu. Siku ya pili yanalegea na kuanza kuyeyuka, na wapishi wengi huyatupa. Shangazi aliwaita wavivu. Yeye aliyapitisha kwenye chujio, akayaponda na siagi na kitunguu saumu, akachanganya na tambi za moto. Yakilegea zaidi, aliyapiga pamoja na mayai ya kuku akayapika kwa mvuke, au aliyatia kwenye supu ya nyanya mwishoni kabisa, moto ukiwa umeshushwa. Kupita ujana si kufa, alipenda kutuambia, huku akijishika kiuno kana kwamba tunabisha.

Lakini kati ya kuchoka na kuoza pana mpaka, na mlinzi wake alikuwa pua ya Shangazi. Akinusa akasema pika, tunapika. Akisema mwaga, tunamwaga. Hakuna aliyeruhusiwa kunusa kabla yake, sembuse kumsahihisha, na mke wa mwanawe, aliyemenya vitunguu na kuosha vyombo pale, aliijua sheria hiyo kuliko sisi sote.

Kisha Shangazi akaugua homa. Asubuhi aliyorudi kazini aliinamia bakuli la mayai ya nungu ya jana, akavuta pumzi ndefu, akasema pika. Mimi mhudumu nilikuwa mlangoni na sahani zangu, na harufu ilinifikia huko huko, kali kama mkojo wa paka. Nikadhani anatutania.

Mkwewe akafuta mikono. "Mama, haya yameoza."

Wateja wakila yale, mkahawa umekwisha. Na kama pua imekosea, Shangazi amebaki nani? Akachovya kidole, akaonja. Alitafuta uchungu nyusoni mwetu kwa sababu mdomoni hakuupata. Nilimwonea huruma mno. Halafu akalibeba bakuli mwenyewe, akaenda kulimwaga.

"Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," akasema aliporudi, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo. "Kuanzia leo wewe unanusa, mimi napika. Ukisema mwaga, namwaga, hata kama nitakununia."

Mkwewe akamwuliza ni tangu lini. Tangu ile homa, akajibu, na ladha nayo imeondoka. Lakini mkono unakumbuka chumvi. Akavuta ubao, akaanza kukatakata vitunguu kwa kasi yake ile ile, akanifokea mimi kwa kusimama kama mlingoti wakati wateja wanangoja. Nikageuka niende. Nyuma yangu kisu kikasimama.

"Mwanangu," akasema taratibu, "mjukuu wangu ananukiaje siku hizi?"

"Maziwa, Mama," mkwewe akajibu. "Na kitunguu saumu. Unambeba sana."