Anayesikiliza mbegu za mbarika, na hofu anayorudi nayo nyumbani

Jua halijapanda vizuri, lakini ndani ya kiwanda kidogo cha kukamua mafuta joto limeshawatangulia watu kazini. Mwanamke mwenye aproni ya buluu anachota mbegu za mbarika kwenye gunia, anafumba kiganja, anakitikisa karibu na sikio. Anasikiliza. Anatikisa tena.

"Hizi zinacheka," anasema. "Gunia lipite."

Mbegu iliyokauka hulegea ndani ya ganda lake, ukiitikisa inalia. Iliyo mbichi inanyamaza. Baada ya kusikiliza, huweka moja juu ya jiwe na kuipasua kwa nyundo ndogo aone kiini kama kimekauka. Kwa kazi hiyo wenzake wamempa jina la Sikio, na wengi wao hawalijui tena jina lake jingine.

Aproni yake ina mifuko miwili, na yote imeshonwa mdomo kwa uzi mwekundu. Mbegu za kupimia anazitia kwenye kopo lenye kifuniko.

"Huu uzi niliuchagua makusudi," anasema. "Nikiuona nakumbuka. Si kwamba huwa nasahau."

Mbegu zenyewe ni nzuri kupita kiasi. Zinang'aa, zina madoa ya kahawia kama zimechorwa kwa mkono. Mafuta yanayotoka humo hayana neno. Mbegu ina sumu kali, lakini hiyo hubaki kwenye mashudu, yale makapi ya baada ya kukamua, kwa kuwa ni protini na haichanganyiki na mafuta. Ndiyo maana mashudu hupikwa kwa mvuke mkali kabla ya kuuzwa kama mbolea. Moto huiharibu protini hiyo, isiweze tena kufanya kazi yake.

Anayesimamia mvuke ni mzee mmoja asiyekosa neno. "Sikio anasikiliza, mimi napika," anasema. "Tatizo langu, chakula changu hakuna anayekionja."

Anacheka peke yake. Zamani Sikio alikuwa akicheka naye.

Kiwandani kuna sheria ambayo kila mgeni huambiwa siku ya kwanza: nguo ya kazi haiendi nyumbani. Inafuliwa pale pale. Jumamosi moja bomba la kiwanda lilikauka. Sikio akaiviringisha aproni yake, akaitia kwenye mfuko wa plastiki na kuondoka nayo, akijiambia atailoweka mara tu akifika. Alipofika aliiweka uani kando ya ndoo, akaingia ndani kutafuta sabuni. Wakati huo mifuko ya aproni ilikuwa bado haijashonwa mdomo, na humo zilikuwa zimesalia mbegu za kupimia.

Ana binti wa miaka minne. Bibi yake alimpa jina la Chiriku, kwa sababu tangu ajue kusema hajafunga mdomo. Mchezo wake mkubwa ni kwenda kazini kama mama.

Sikio alipotoka na sabuni, Chiriku alikuwa amechuchumaa, ngumi sikioni.

"Hizi zinacheka, mama. Na moja nimeipasua. Kavu!"

"Umeipasua na nini?"

Mtoto hakuwa na nyundo. Alionyesha meno.

"Niliitupa sabuni," anasimulia Sikio. "Nikamtia kidole mdomoni, nikatoa ganda. Kiini sikukiona. Nikamuuliza, umetema au umemeza? Akasema, 'Mbaya.' Basi. Jibu nililopata ni hilo."

Bibi alikuwa mlangoni. "Mwanangu, mbegu moja tu! Si ataitoa chooni?"

"Mama, angeimeza nzima, labda ingetoka na sumu yake. Ameitafuna!"

Hospitalini daktari hakumficha kitu. Sikio anayarudia maneno yake taratibu, kama mtu anayebeba kitu kinachoweza kumwagika.

Mwili, alimwambia, umejengwa kwa seli, vyumba vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Kila seli ina majiko yake ya kupikia protini inazohitaji ili iishi. Sumu hii ina vipande viwili vilivyoshikana. Kimoja hujishikiza kwenye ukuta wa seli mpaka kinakaribishwa ndani kama mgeni. Cha pili kikishaingia, kinazima majiko, moja baada ya jingine, na hakichoki. Seli ikikosa pa kupikia, inakufa.

"Dawa ya kuitoa?" aliuliza Sikio.

"Ya kuiua sumu hatuna, mama. Tutausaidia mwili wake upigane. Mengine ni kusubiri."

Walimnywesha mkaa wa hospitali ili unase sumu iliyobaki tumboni. Chiriku, midomo myeusi tititi, alimgeukia mama yake. "Sasa mimi ni sufuria?"

Jioni alianza kutapika. Akaharisha. Wakamtundikia dripu. Kisha akanyamaza.

"Kazini mbegu ikinyamaza nasema hii mbichi, irudi juani," anasema Sikio. "Mtoto wangu aliponyamaza sikujua nimrudishe wapi."

Aliweka sikio kifuani pa mwanawe na hakulitoa. Moyo aliusikia. Majiko hayasikiki, na hicho ndicho kilichomtesa: hakuweza kujua ni mangapi bado yanawaka.

Walisubiri siku mbili. Asubuhi ya tatu Chiriku alifumbua macho, akautazama mpira wa dripu, akautazama tena.

"Kumbe bomba la huku lina maji," alisema.

Bibi alicheka na kulia kwa pamoja, mpaka muuguzi akaja kutazama kuna nini. Daktari alisema huenda sehemu kubwa ya kiini ilitemwa. Huenda. Neno hilo Sikio hajalizoea mpaka leo.

Kazini amerudi, kwa kuwa kazi nyingine haijapatikana. Anachotaka sasa ni maji yasiyokatika na chumba cha kubadilishia nguo chenye kufuli. Mwenye kiwanda amekubali. Tangi limeshanunuliwa, limesimama uani, ila bado halijaunganishwa. Wakati wa mapumziko Sikio anakusanya aproni za wenzake na kuishona mifuko mdomo.

"Na tumbaku yangu niiweke wapi?" analalamika mzee wa mvuke.

"Kwenye kofia, baba. Au iache."

Safari hii wote wawili wanacheka.

"Tangi likijaa, hakuna nguo itakayotoka getini," anasema Sikio. "Siku hiyo nitalala usingizi."

Jioni, akifika kwake, hamkumbatii mtu. Anabadilisha nguo nyuma ya pazia la uani, ananawa mpaka viwikoni. Chiriku anakaa kizingitini, nyuma ya mstari wa chaki aliochorewa na bibi, akisimulia siku nzima bila nukta.

"Bado, mama?"

"Bado."

"Na sasa?"

Mtoto anatulia kidogo avute pumzi, na mikono ya Sikio inaganda ndani ya povu. Sauti inaanza tena. Naye anaendelea kunawa.