Zulia Lililovuka Mpaka

Juzi, kwenye kaunta ya forodha hapa Tunduma, mama mmoja alisimama mbele yangu amekumbatia zulia. Bomba lilikuwa limepasuka sebuleni kwake, zulia likalowa, akalianika juu ya lori lililokuwa limekwama kwa siku tatu kwenye foleni ya mpakani, mbele ya nyumba yake. Alipoingia ndani kusonga ugali, foleni ikasogea. Akalifuata lori kwa bodaboda mpaka Zambia.

“Mama, huu ni mzigo unaotoka nje,” alisema ofisa.

“Mwanangu, ni zulia langu. Lilitoka hapa limelowa.”

“Na sasa?”

“Limekauka.”

Ofisa alilipapasa, akalinusa. “Basi huko limeongezewa thamani,” akasema, akampisha bila kumtoza ushuru.

Simlaumu mama. Huku kwetu, lori likilala mlangoni siku tatu tunalihesabu kuwa jirani, na jirani hahami bila kuaga.