Fomu za Siri za Ghala la Tumbaku

Mvua zilipoikata reli ya kwenda Tabora, marobota ya tumbaku yalijaa ghalani kwetu Mpanda hadi tukawa tunapita kwa ubavu. Kazi ikaisha. Tulibaki wanne tukiangalia mlango: msimamizi wetu, ambaye ni mzee wa Kisukuma, mpima mizani, mlinzi kutoka Kabungu, na mimi mpiga chapa, dada mwenye mdomo.

Ikaja barua ya makao makuu. Hali ni ngumu, mtu mmoja apunguzwe, na msimamizi amjazie kila mfanyakazi fomu ya siri kuhusu utendaji wake.

Siri gani? Mzee alijaza kwa mkono, lakini wa kuzipiga chapa ni mimi. Nikaanza na yangu, kama mtu yeyote mwenye akili. "Anapiga soga kuliko kupiga chapa." Nilikasirika sana, kwa kuwa ilikuwa kweli. Nikaandika: "Anapiga chapa tu. Soga hazijui."

Ya mlinzi ilisema: "Anachapa usingizi." Mwenyewe alikwisha kunusa habari, akaja na kapu la karanga.

"Dada, mimi silalagi. Nafumbaga macho ili nisikie vizuri."

Nikabadili neno moja tu: anachapa kazi. Mpima mizani, ambaye wakulima wa Magamba walimjua kwa mkono wake wa kuwaibia kilo, akaleta jogoo. Nikamwita mwaminifu. Jogoo alikuwa mnene.

Mzee akasaini bila kusoma. Miwani yake ilipelekwa Tabora kutengenezwa, ikakwama huko huko. Fomu zikaondoka na lori la kwanza lililothubutu matope.

Majibu yalipokuja, aliniomba nimsomee. "Kituo chenye wafanyakazi hodari kiasi hiki hakihitaji msimamizi. Unapunguzwa wewe."

Mzee akacheka kidogo.

"Kumbe nyie hodari hivyo? Na mimi nilidhani nimewasema vibaya. Basi, mwanangu, nipigie barua ya kuomba kazi kwingine. Kwenye sifa, jaza wewe. Mimi sijui kujisifu."

Nikaingiza karatasi kwenye mashine. Kwa wavivu watatu maneno yalinijia mbio kama mbuzi kwenye chumvi. Kwa mzee huyu, aliyeandika kweli tupu, vidole viligoma. Nikaanza kulia, naye akainama karibu kabisa na mashine, akaniuliza kama utepe wa wino umekwisha.