Kitabu cha Getini

Miaka tisa Jeconia alilinda geti la estate moja Ruiru, zamu ya mchana, na miaka hiyo yote aliandika sentensi moja tu katika kitabu cha matukio. Hata hiyo haikuwa yake. Masoja walirithishana: ukiingia zamu unafungua ukurasa wa jana, unanakili "All is well at the gate", yaani getini kuko shwari, unatia sahihi, unakaa. Nani aliiandika mara ya kwanza? Hakuna aliyejua, wala hakuna aliyeuliza.

Halafu kampuni yao ya ulinzi ikatangaza inataka msimamizi mmoja zaidi, mtu wa kuandika ripoti kwa Kiingereza chake mwenyewe. Jeconia aliitaka kazi hiyo vibaya sana. Magoti yalikuwa yamechoka kusimama, na msimamizi huzunguka na pikipiki. Basi kila Jumamosi baada ya zamu akawa anaenda kwa Mwalimu Gathoni, mstaafu aliyefundisha watu wazima nyuma ya kanisa. Huko ndiko alikotenganisha "lose" ya kupoteza na "loose" ya kulegea, "borrow" ya kukopa na "lend" ya kukopesha, maneno yaliyomhangaisha tangu shule ya msingi. Aliyarudia getini akifungulia magari, na wenye magari wakadhani ameanza kusali. Wacha wadhani.

"Usinakili, Baba Nekoye," Mwalimu alimwambia Jeconia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Andika ulichoona wewe."

Jumanne moja akaona seng'enge ya ua wa nyuma imekatwa. Akampigia Macharia, msimamizi wake, akaambiwa fundi atakuja. Fundi hakuja. Jeconia akaandika kitabuni kwa maneno yake: ameona nini, saa ngapi, amemwambia nani. Ilikuwa mistari minne. Aliisoma mara tatu, na kusema kweli alijivunia.

Wiki iliyofuata nyumba mbili zikaibiwa, wezi wakipitia pale pale.

Macharia akaja na kitabu kipya mkononi.

"Kile cha zamani kimemwagikiwa na chai," alisema. "Kila mtu anaandika siku zake upya. Wewe weka tu ile ya kawaida. Barua yako ya usimamizi ninayo hapa kwa mkoba, imeshasainiwa."

Wenzake walikuwa wamemaliza kunakili, kazi ya dakika chache. Jeconia akakaa. Ile sentensi angeweza kuiandika akiwa amefumba macho. Aliogopa, tena sana, akafikiria magoti yake na ile pikipiki. Kisha akaandika mistari yake minne vilevile, na jina la Macharia mahali pake.

Macharia akasoma, akafunga kitabu, akafunga na mkoba.

Jumamosi Jeconia alifika darasani mapema, bila yunifomu. Mwalimu Gathoni akamuuliza kulikoni leo.

"I lost my job on Thursday," akajibu.

Mwalimu alikuwa ameshashika chaki, kama kawaida yake, asahihishe. Hakukuwa na la kusahihisha. Akairudisha mezani.