Rangi Ambayo Hosiyat Aliiita Nyeupe

Hosiyat hakuingia kwenye jumba la wanasesere la mji wa Margilan kwa ajili ya taa. Aliingia na sindano. Alikuwa bi harusi wa mwaka mmoja, akaajiriwa kuwashonea mbweha, wafalme na vikongwe wa mbao nguo za vipande vya hariri vilivyosalia viwandani. Kisha fundi wa taa, bwana mlevi mwenye roho nzuri, akahamia Urusi kwa dada yake. Mkurugenzi wa wakati huo akamwomba Hosiyat akae kwenye kibanda cha nyuma kwa wiki moja tu, mpaka apatikane mtu. Mtu hakupatikana. Watoto waliomzomea mbwamwitu mwaka ule sasa wanaleta watoto wao, na Hosiyat bado yumo kibandani. Amekuwa mjane, ana wajukuu, na sindano imechomekwa kwenye ukosi wa gauni lake, kwa sababu kazi ya nguo nayo haikumwacha.

Kibanda hicho kiko juu ya viti vya mwisho, kina kidirisha cha kioo kinachotazama jukwaa. Sharti kiwe giza onyesho likiendelea, hata kama nje ni saa nne asubuhi na jua linawaka. Kwa miaka mingi giza halikumsumbua. Swichi za zamani zilikuwa vyuma vikubwa kama vishikio vya milango, na vidole vyake vilizijua kama vinavyojua vifungo vya gauni. Lakini vuli iliyopita mtambo ule ulitoa moshi katikati ya onyesho la harusi ya mbweha, ukafa. Mji ukaleta kompyuta. Sasa kila taa na kila sauti ilikaa chini ya herufi yake kwenye kibodi: jogoo hapa, radi jirani yake, mwezi kule pembeni. Kibodi yenyewe ilikuwa nyeusi tii, na gizani Hosiyat akawa anapapasa kama mtu aliyeangusha pete kwenye unga.

Mwanawe Davlat, anayetengeneza kompyuta huko Tashkent, alipokuja mwisho wa wiki alimletea kibodi nyingine, yenye taa chini ya vitufe.

"Ina rangi zote, mama," alisema. "Wewe utachagua ile itakayokupendeza."

Hosiyat hakuchagua. Aliichomeka akaiacha kama ilivyokuja, nayo ilikuja na rangi zote kwa pamoja, zikikimbizana kutoka kitufe hadi kitufe kama maji ya mfereji. Aliziona nzuri. Onyesho la siku ile lilikuwa la mbwamwitu na mbuzi saba. Mbwamwitu alichezwa na Turdiali, mkongwe wa jumba, mtu ambaye ulimi wake ulikuwa na makali kuliko meno ya mnyama wake. Onyesho lilipokwisha, alipanda ngazi za kibanda akiwa bado na mbwamwitu mkononi, akimwita opa, yaani dada mkubwa, kama wote walivyomwita.

"Hosiyat-opa! Leo nimeigiza mbele ya visogo!"

"Visogo vya nani?"

"Vya watoto! Namla mbuzi wa sita, nalia, nanguruma, na wao wamegeuka wote wanatazama harusi iliyomo kibandani mwako!"

"Si harusi, Turdiali-aka, kaka yangu, ni kibodi."

"Basi kibodi yako iolewe siku nyingine. Sio kwenye onyesho langu."

Hosiyat alimpigia Davlat simu, naye akamwelekeza kitufe cha kubonyeza ili ibaki rangi moja tu. Ndipo akaanza kutafuta rangi ya kukaa nayo.

Alianza na nyekundu, kwa kuwa Davlat alisema nyekundu haiwashi macho. Ni kweli haikuwasha, lakini herufi zilizama ndani yake kama zabibu kavu ndani ya pilau. Katika onyesho la jogoo na paka, jogoo alipopanua mdomo awike, Hosiyat alibonyeza kitufe cha jirani. Jumba zima likatetemeka kwa radi. Watoto waliduwaa. Turdiali, aliyekuwa amemshika jogoo, alimkohoza mara mbili, akamfanya aseme, "Samahani sana, nilikula pilipili jana." Ukumbi ukaangua kicheko. Hosiyat hakucheka. Alikaa na mkono juu ya kibodi, akiogopa kubonyeza tena.

Akajaribu kijani. Herufi zilionekana nusunusu, lakini uso wake ukawa unang'aa kijani nyuma ya kioo, na Manzura, mkurugenzi wa sasa, msichana aliyesomea Tashkent na mwenye adabu zote, alimweleza kwa upole kwamba mtoto mmoja wa kutoka Kuva amelia akidai kuna jini dirishani. Zambarau hakuipa hata siku moja.

Hatimaye aliipata. Ilikuwa nyeupe, ya upole, kama maziwa yaliyotoka kuchemshwa. Herufi zilisimama wazi, kila moja mahali pake. Alibonyeza jogoo, akawika jogoo. Alibonyeza mwezi, ukatoka mwezi. Kwa mara ya kwanza tangu vuli mabega yake yalishuka, na jioni ile alirudi nyumbani akala mkate na chai bila kuumwa kichwa.

Kesho yake Turdiali alipanda tena ngazi.

"Opa, hiyo buluu yako inanichoma macho. Nikiinua kichwa nyuma ya pazia nakuona wewe tu unawaka kule."

"Buluu gani?"

"Hiyo hapo."

"Hii nyeupe?"

Turdiali alimtazama aone kama anatania. "Nyeupe? Ikiwa hiyo ni nyeupe, basi mimi ni mwana wa Amiri wa Bukhara."

"Mwana wa Amiri angekuwa na adabu. Umezoea kunidhihaki, lakini usinifanye mtoto. Hii ni nyeupe."

"Ni buluu!"

Sauti zilimfikia Manzura ofisini kwake, akaja. Alitazama kibodi, akamtazama Hosiyat, akashusha macho.

"Ni buluu, opa," alisema. "Buluu kama vigae vya kuba."

Hosiyat alihisi uso ukimpata moto. Alidhani wamepanga. Lakini Turdiali alikuwa ameshawasha taa ya kibanda na kuvuta sanduku la nyuzi lililokuwa chini ya kiti. Alitoa kibiringo kimoja, akamwonyesha.

"Hii rangi gani?"

"Nyeupe."

"Na hii?"

"Nyeupe vilevile. Imechafuka kidogo tu."

Kibiringo cha pili kilikuwa samawati, uzi wa mbingu katika hadithi ya korongo. Turdiali, ambaye hata msibani hakukosa la kusema, alivirudisha vibiringo sandukuni kimoja kimoja, akafunga kifuniko.

"Mama yangu aliitazama dunia hivyo," alisema Hosiyat. Mama yake alikuwa amemalizia miaka yake ya mwisho ameegemea ukuta, akiwatambua wajukuu kwa kuwagusa masikio. Zamani zile, kijijini kwao, watu waliona ndio uzee wenyewe, kama mvi.

Hosiyat hakutaka kwenda hospitali. Alisema majira ya baridi hayafai, kisha akasema kuna nguo za Navruzi, sikukuu ya mwaka mpya wa machipuko, kisha akasema nani atakaa kibandani. Manzura alisema atakaa yeye. Turdiali alisema hata mbuzi wa saba anaweza kukaa, maadamu anatofautisha jogoo na radi. Mwishowe Davlat alikuja na gari bila kutangaza, akampeleka hospitali ya Fergana, na daktari, mwanamke mnene aliyekuwa akitafuna jozi, akamwangaza machoni akasema ni mtoto wa jicho, yote mawili, tena amekomaa. La kulia litangulie, la kushoto lisubiri.

"Unashona?" daktari aliuliza, akiiona ile sindano kwenye ukosi.

"Nashona."

"Kwa macho haya? Basi vidole vyako ndivyo vilivyokuwa vinaona."

Bandeji ilipotolewa, kitu cha kwanza alichokiona sawasawa kilikuwa ndoo ya kudekia sakafu. Ilikuwa buluu. Ilikuwa buluu kiasi kwamba alitaka kuiita kwa jina. Nyumbani alikaa jikoni akafumba jicho moja, ukuta ukawa rangi ya chai. Akalifumba la pili, ukuta ukawa rangi ya theluji. Akarudia, chai, theluji, chai, theluji, mpaka mkwewe akamuuliza kama jicho linamuuma.

"Haliumi," alisema. "Nahesabu miaka niliyopaka ukuta huu chai bila kujua."

Aliporudi kazini alipanda kibandani kabla ya mtu yeyote kufika. Aliwasha kibodi na kurudi nyuma hatua moja. Buluu ile ilimpiga kama maji ya baridi. Akaizima haraka, akajicheka peke yake, kisha akashuka kwenda kwenye kabati la wanasesere kutafuta kitambaa cha kufutia vumbi.

Huko ndiko kicheko kilikokatika. Mfalme alikuwa amevaa joho la kijani lenye kiraka kikubwa cha zambarau mgongoni. Kiraka hicho alikishona yeye, akiamini ni kijani. Shela ya bi harusi ilikuwa nusu nyeupe, nusu samawati. Kikongwe wa hadithi ya boga alikuwa na mkono mmoja wa njano na mwingine wa rangi ambayo Hosiyat hakuwa na jina lake. Alizitoa nguo zote, akazitandaza sakafuni, akakaa katikati yake. Manzura na Turdiali walimkuta hapo.

"Tangu lini?" aliuliza.

Manzura alianza kuikunja shela.

"Nauliza tangu lini mfalme anatembea na kiraka hiki mbele ya watu?"

"Mwaka wa tatu huu," alisema Turdiali.

"Na hamkuniambia."

"Tulidhani ni mtindo mpya."

"Mtindo!" Hosiyat alilirusha joho likamwangukia Turdiali begani. "Mkono wangu umewavisha hawa tangu wewe hujaota mvi hata moja! Mnaniona nashona upumbavu, mnakunywa nami chai, mnanyamaza!"

"Tuliogopa kukuumiza, opa," alisema Manzura.

"Mngeniumiza mara moja yangeisha. Sasa mmeniumiza mara zote."

Siku hiyo alikunywa chai peke yake. Na iliyofuata pia. Manzura alimletea somsa, sambusa za tanuri, za moto kutoka kwa mwokaji wa sokoni, akazila bila kumshukuru, jambo ambalo kwa Hosiyat lilikuwa kama tusi. Alifumua viraka akavishona upya akiwa karibu na dirisha, jicho la kushoto amelifumba. Siku ya tatu Turdiali alikuja na bakuli la aprikoti kavu za shamba lake, akaliweka karibu na mkasi, akasema anataka kujua jambo moja tu: je, kibodi bado ni nyeupe?

"Ni buluu," alisema Hosiyat, bila kuinua uso. "Tena ni mbaya."

"Alhamdulillahi. Basi twende tuichagulie rangi, tukiwa wawili, maana wewe unajua herufi na mimi najua visogo."

Asubuhi hiyo hapakuwa na onyesho. Turdiali alijibana kwenye kiti cha mtoto katika safu ya mwisho, magoti yakamfikia kidevuni. Hosiyat alipanda kibandani akazima taa zote.

"Hii?" aliita kutoka juu.

Turdiali aligeuza shingo. "Naona. Kama gari la polisi."

"Hii je?"

"Kama duka la dawa. Nimepata kikohozi tayari."

"Na hii?"

"Hiyo ni saluni ya shangazi yangu. Zima."

Hosiyat alikwenda kwenye rangi ya machungwa. Mwanzoni ilikuwa kali, akaipunguza, akaipunguza tena, mpaka vitufe vikabaki kama makaa ya tanuri mkate ukishatolewa. Kioo hakikushika mwanga. Mikono yake aliiona, uso wake kiooni hakuuona. Akalifumba jicho jipya, akasoma herufi kwa la zamani. Alizisoma. Akalifumba la zamani, akasoma kwa jipya. Rangi mbili tofauti kidogo, lakini zote mbili za kukaa nazo.

"Opa, mbona umekaa kimya?" Turdiali aliita. "Washa basi, nione."

"Nimewasha zamani."

Turdiali alitulia, akakaza macho kwenye giza la nyuma. "Wallahi sioni kitu."

"Basi ni hii."

"Ni hiyo. Sasa shuka unisaidie, kiti kimenishika."

Ilibidi Manzura naye aje, wamvute mikono yote miwili.

Jicho la kushoto lilifanyiwa upasuaji baada ya Navruzi. Hosiyat alipokuwa mapumzikoni Manzura alikaa kibandani, akaiweka kibodi zambarau kwa sababu ndiyo aipendayo. Hosiyat aliporudi aliirudisha kwenye rangi ya makaa. Ukuta wa jikoni amewaambia wanawe waupake upya, si kwa sababu ulikuwa mchafu, ila kwa sababu sasa anaona kila alama ya kidole cha kila mjukuu. Anasema hiyo ndiyo hasara ya macho mapya. Hasara nyingine ni kwamba amejiona kwenye kioo.

Maonyesho yanaendelea, Jumamosi na Jumapili, na siku za shule mabasi yakileta watoto wa vijijini. Siku hizi Turdiali hupanda ngazi kulalamika kwamba ngoma za harusi ya mbweha zimefifia, eti opa azipandishe sauti. Hosiyat hajazigusa, zinalia kama zilivyolia mwaka jana, na watoto wa mbele huziba masikio. Mara ya kwanza alidhani ni utani. Mara ya pili alimwambia usoni, mbele ya Manzura, kwamba kasoro haiko kwenye ngoma, na kwamba Davlat akija na gari kuna nafasi ya mtu mmoja kwenda Fergana.

"Unasemaje?" aliuliza Turdiali.

Hosiyat akarudia, kwa sauti kubwa zaidi.