Siku Pampu Ilipokataa Maji

Juzi fundi alifungua pampu ya kisima chetu hapa Matinyani, akanionyesha ngozi ya ndani inayovuta maji, imechakaa. "Hii huisha tu, Mama Mwende. Si makosa ya mtu." Nilimnyang'anya ile ngozi kwa hasira.

Nikiwa mdogo, pampu yetu ilipokataa kutoa maji, baba alimpiga mama kwa spana hadi akaanguka. "Umeiua, mwanamke wewe." Kulinuka grisi na damu. Jirani mmoja alikuja, lakini hakumshika baba. Alimimina jagi la maji ndani ya pampu, akasukuma, na maji yakaruka.

Sasa najua ngozi ya pampu ile ilikuwa imekauka tu, ikahitaji kuloweshwa. Siku hiyo niliamini kipigo ndicho kilichoitengeneza. Nikamkimbilia mama pale chini, nikicheka.

"Mama, ona, imesikia."

Akatema damu, akaenda kutafuta ndoo.